Giza la Mikayi

...na taa zimezima zenyewe, safi kabisa, zizime hivyo hivyo mpaka kesho, Orpah alijisemea, akikaza leso mabegani kwenye benchi la duka kuukuu la Wahindi hapa Homa Bay, duka ambalo marehemu mumewe Barnabas alishonea nguo barazani pake maisha yake yote, na leo Joash, mtoto wa Rispa, amelijaza spika na mitambo ya taa, eti kuta ziwake rangi na kusimulia ya kale, watu wametoka hata Migori kuja kusikiliza kuta, haya, kuta zenyewe ziko wapi, ni giza tu, na Rispa huyu hapa, paja kwa paja, anatafuna njugu kana kwamba mwanawe hajaaibika... "Mikayi, si uchukue njugu kidogo," ...Mikayi, mke mkubwa, anamwita hivyo tangu siku alipoletwa kuwa mke wa pili, kwa sauti hiyo hiyo laini, na ndiyo sauti itakayotoka ukutani taa zikirudi, Orpah anajua, aliona kwa macho yake, Joash alikuja nyumbani na kinasa sauti akaupita mlango wa mke mkubwa, akaingia kwa mamake kwanza, wakakaa humo muda mrefu, ndipo akaja kwake, "Mama Mkubwa, niambie vile Baba alikuwa anaimba akishona," naye akamjibu kwamba sauti yake si makombo, akafunga mlango... na Barnabas alikuwa akimwimbia nani kwenye cherehani ile kama si yeye, nani alimletea samaki hapa barazani kabla huyu hajajua hata njia ya mjini, ni wivu, ndiyo, ni wivu, umemkwama kooni kama mwiba wa samaki ngege, mzee alizikwa na wivu ukabaki... "Kwani hii kitu imekufa?" kijana mmoja huko nyuma, watu wakacheka, Orpah akacheka zaidi yao, moyoni, akakumbuka ule mwaka mvua ilipokuja naye akajilaza na hasira, akasema mgongo unamuuma, na mke mdogo hawezi kutia mbegu ardhini kabla ya Mikayi, basi Rispa akakaa na jembe lake na mbegu kwenye ungo, kila asubuhi anabisha hodi, mgongo umeamkaje, Mikayi, hakununa, hakuiba hata shimo moja, mahindi yake yakaishia magotini, ya Orpah pia, lakini hayo hakuyajali, alichotaka ni huyu mwanamke apayuke hata mara moja ili amchukie kwa raha... "Watu wangu, tulieni," sauti ya Joash gizani, "hakuna kitu imeharibika, stima iko," ...iko wapi, mwongo, "sauti ya kwanza kwa hii nyumba ni ya Mikayi wetu, mimi nilianzia kwa mamangu, akakataa, akaniambia yeye hawezi kumtangulia, hata kwa mashine, nikaenda kwa Mikayi, naye akakataa, nikarudi nikauliza Mama, sasa tufanye nini, akasema, mwachie nafasi yake pale mbele, sisi tutangoja... hii giza ndio nafasi yake, ikiisha mashine itaendelea," na hakuna aliyecheka tena, hata yule kijana, kumbe humo ndani walikuwa wakisemezana hayo, kumbe Joash aliyeupita mlango alirudishwa kwake na Rispa, na giza hili alilolifurahia, alilolizomea, ni lake, amelikalia muda wote huu kama shamba lisilopandwa, na Rispa yuko na jembe lake pembeni, anangoja... wivu haujatoka, bado umekwama pale pale, ila sasa anaona aibu nao, Barnabas mwenyewe hakuwahi kumnyamazisha mtu ili Orpah aseme, benchi ni lile lile, giza ni lile lile, na karibu na sikio lake njugu zimeacha kutafunwa, sauti ile laini inamuuliza polepole, asisikie mwingine, "Mgongo umeamkaje, Mikayi?" na Orpah akasafisha koo...