Shati Namba Saba

"Yaani unamwacha mtu kwa sababu ya shati?"

"Si shati, dada. Ni sayansi." Mdogo mtu aliipepea karatasi ya mtafiti. "Pua inamjua anayekufaa kabla moyo haujashtuka. Nimenusa mashati kumi. Namba saba, magoti yamelegea. La fundi bomba wangu, kumbe, nimelipa nafasi ya mwisho. Kesho namrudishia pete yake."

Dada mtu, Mama Pasi kama alivyoitwa na chumba kizima cha kufulia cha hospitali, aliiweka pasi chini asije akaunguza shuka. Watafiti! Miaka tisa nyuma walikuja wenzao kupima mapafu ya wafua nguo, kwa sababu ya dawa ya madoa. Watu wakapuliza mirija mpaka macho yakawatoka. Majibu hayajarudi hadi leo, na wawili kati ya waliopuliza wameshazikwa. Ya mapenzi yamerudi ndani ya wiki!

Safari hii wanaume kumi walipewa mashati meupe wayavae siku mbili, bila sabuni wala manukato. Watafiti hawakuwa na rafu, wakayaacha mashati dobini hadi asubuhi, kila moja kwenye mfuko wenye namba yake.

Hapo ndipo Mama Pasi alipokumbuka.

"Namba saba nililifua mimi."

"Nini?"

"Lilikuwa na doa la chai kwenye kola! Mfuko haukufungwa vizuri, nikaliona, mkono ukaenda wenyewe. Nikaloweka, nikafikicha, nikapiga pasi, nikalirudisha."

"Dada! Lilitakiwa kuwa chafu!"

"Basi wangeandika!"

"Waliandika. Kwa herufi kubwa. Juu ya mfuko."

Mama Pasi alitazama pembeni. Miaka ishirini ya kufua, nani anasoma mfuko?

"Kwa hiyo magoti yangu yamelegezwa na sabuni ya hospitali."

"Yamelegezwa na mkono wangu, mjinga wewe."

Mdogo mtu aliketi juu ya furushi la mashuka. Hakucheka. "Na la fundi? Nalo ulilifua?"

"Sikuligusa."

"Basi lilinuka lenyewe, dada. Hilo hukulitia mkono wewe."

"Lilinuka, ndiyo! Siku mbili hizo alikuwa ndani ya mtaro wa wodi ya wazazi, anazibua kwa mikono, na nyinyi mmemkataza sabuni! Mwenye namba saba ni karani wa stoo, nilimwona akilileta. Kakaa kwenye kiyoyozi anakunywa chai. Fomu yenu ilimuuliza mtu kazi yake? Haikuuliza! Wanapima jasho, hawataki kujua limetokea wapi!"

"Usinipigie kelele, mimi si mtafiti."

"Umeolewa na karatasi yake, ni yale yale!"

Mdogo mtu aliikunja karatasi ile, akaikunja tena, kisha akatoa simu.

"Fundi? Uko wapi? … Umeshaoga? … Basi usioge. Kaa hapo hapo, nakuja kunusa mwenyewe, bila namba."