Tone Lililokataa Kushikana

Tone lilikuwa laini kama maziwa, na ulaini huo ndio uliomtisha Hilari.

Alikuwa fundi wa maabara katika zahanati ndogo nje ya Kwihara, na damu ile ilikuwa ya mkewe, Apolinaria, aliyejifungua juzi na sasa anawaka homa. Alikuwa amechanganya majimaji ya damu na dawa nyeupe ya kipimo cha CRP, protini inayozidi damuni mwili ukivimba kwa maambukizi, juu ya kibao cheusi, akakizungusha polepole. Mwilini mkiwa na uvimbe mkali, protini hiyo huzishikanisha punje za dawa zikaonekana kama mchanga. Hapa mchanga haukuwapo.

"Safi," alisema Tabibu Mathias mlangoni. "Malaria hana, uvimbe hana. Apewe panadoli aende nyumbani. Na wewe fundi, acha kunitazama kama umefiwa."

Hilari hakucheka. Asubuhi aligusa paji la mkewe, akauondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto.

Nje bajaji ilinguruma. Mama mkwe wake, Minza, alikuwa keshafunga nguo za mtoto.

Safi vipi, na mtu anatetemeka? Ndipo Hilari alipokumbuka mikeka ya matangani. Ikiwa michache, watu hubanana. Ikiwa tele, kila mtu hukalia wake, bega lisiguse bega. Je, kama protini ya uvimbe imefurika, kila punje ikapata yake, zisihitaji kushikana?

Akaizimua damu kwa maji ya chumvi, akarudia. Tone likakatikakatika kuwa mchanga mbele ya macho yake. Akazidi kuzimua, mchanga haukuisha.

Alimwachia Mathias kibao, akatoka mbio. Minza alikuwa mlangoni pa wodi, mtoto mgongoni, amemshika bintiye kiunoni. Hilari akasita. Tangu aoe, kwa heshima ya ukwe, hajapata kumkabili mkwe uso kwa uso. Wakikutana njiani yeye huacha njia, na neno hupitia kwa mtu mwingine. Akatafuta wa kumtuma. Hakuna.

Akasimama katikati ya mlango.

"Shikamoo mama. Asiende nyumbani."

Minza akavuta kanga usoni. "Unanizibia njia, mkwe?"

"Tulisoma vibaya. Akilala nyumbani tutamzika."

Sauti ikatoka ndani ya kanga: "Basi mshike upande huo."

Nyuma yao Mathias alikuwa akiipigia simu hospitali ya mjini. Bajaji ikashika njia ya Tabora, mkwe na mkwe wamebanana kiti kimoja, Apolinaria katikati, na kila mmoja wao akisikiliza pumzi ya mgonjwa.