Shamba la Jumwa Lahamia Matuga

Jumanne saa mbili asubuhi Jumwa alikuwa jikoni kwake Kikoneni akikuna nazi, jirani yake Mangi alipobisha hodi na kumwambia kwamba shamba lake limeonekana Ukunda.

"Limeelekea wapi?" Jumwa aliuliza.

"Linafuata barabara ya Likoni. Magari yamesimama kando yanalisubiri lipite."

Jumwa alimaliza kukuna nazi, akaifunika, akavaa leso ya kutokea.

Shamba hilo zamani lilikuwa la mikorosho iliyopandwa na baba mkwe wake. Miaka saba iliyopita alikuja Swabir, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye Jumwa alimlea tangu ana miaka minne. Sasa alikuwa afisa wa kilimo. Alisema serikali inataka mikorosho mizee ing'olewe, wakulima wapande mivinje.

"Miaka saba tu, mama mdogo, utakata boriti zako mwenyewe," alisema. "Mimi nitakudanganya wewe?"

Jumwa aling'oa mikorosho yote.

Masika ya mwaka huu paa la nyumba yake liliporomoka, naye akahamishia kitanda jikoni. Mivinje ilikuwa imekomaa. Alikwenda afisi ya kilimo Matuga kuomba kibali cha kukata, na Swabir akamwambia, macho yake yakiwa kwenye makaratasi, kwamba sera imebadilika. Ili kulinda mazingira, mkulima haruhusiwi kukata mti, hata aliopanda mwenyewe.

Jumwa alirudi, akasimama katikati ya shamba. "Aliyesema mpandwe yuko Matuga," aliiambia mivinje. "Mimi nimeshindwa. Kamuulizeni wenyewe."

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Alipofika Matuga adhuhuri, shamba lilikuwa limekwisha kuingia uani, limelala kutoka langoni hadi kwenye mlingoti wa bendera. Lilikuwa limepita langoni bila kuvunja kitu. Mihogo ya pembeni ilikuwa na vumbi la safari. Makarani walipita katikati ya mivinje kwenda kula, na mmoja wao alikuwa ameanika koti lake kwenye tawi.

Swabir alikuwa barazani. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Limekuuliza?"

"Limeniuliza."

"Ukalijibu nini?"

Swabir alitazama viatu vyake. "Nililiambia mimi napokea maagizo tu."

Mkuu wa afisi, Bi Lenah, alitoka na faili mpya. Alieleza kwa upole kwamba shamba likiwa ndani ya ua wa serikali, miti yake ni ya serikali, na marufuku yaliwahusu wakulima tu. Afisi ilikuwa imeomba banda la magari kwa miaka mitatu. Swabir alipewa kibali cha kukata akatia sahihi, kisha akaomba radhi kwa sababu wino ulichafua leso ya Jumwa.

"Nipeni boriti kumi," Jumwa alisema. "Za paa langu."

"Kwa agizo lililopo, mkulima hapewi," alisema Bi Lenah.

Vibarua walianza siku ya tatu. Hawakuijua mivinje, mti wa kwanza waliukata ovyo, ukaanguka juu ya mwingine, yote miwili ikapasuka. Swabir alimpigia simu mama yake mdogo.

Jumwa alikuja. Alishika kila shina, akaonyesha pa kutia shoka na upande utakaoangukia mti. Hadi alasiri miti arubaini ilikuwa chini, imenyooka, bila ufa. Swabir alimletea maji ya kunywa. Aliyapokea, akayamwaga kwenye mche wa muhogo uliokuwa umenyauka, akamrudishia kikombe.

Banda lilimalizika kabla ya vuli. Ni zuri, halivuji. Shamba bado liko Matuga, na kila Jumanne Jumwa hupanda gari kwenda kulipalilia, kwani hakuna mwingine anayelipalilia. Swabir hutoka barazani kumwamkia. Jumwa humwitikia, kwa kuwa salamu ni haki ya mtu, ila siku hizi humwita Bwana Afisa.