Tangi la Nthenya

Kijito cha nyuma ya kanisa la Kambu kilikauka mwaka wa themanini na nne, na kilipokauka kanisa likakosa pa kubatizia. Washirika wa pale hawanyunyiziwi maji kichwani. Ni kuzamishwa mwili mzima, ama ungoje. Nthenya alingoja miaka mitatu. Kila Julai Pasta Nzomo alishuka kutoka Mbooni, akautazama mchanga, akaomba, akapanda tena milimani kwake.

Mwaka wa tatu ulipopita hivyo, Nthenya alimwambia mwanawe Kiema bila kuzungukazunguka, "Hiki kifua changu hakitafika mwaka mwingine. Wewe si ni fundi? Tengeneza kitu."

Kiema alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kando ya barabara ya Mombasa. Mashine yake alijiundia mwenyewe: vyuma vilivyobanwa pamoja, na waya wa shaba aliouzungusha kwa mkono siku tisa. Ilichoma vizuri sana, kwa muda wa rodi tatu za kuchomelea. Baada ya hapo ilipata moto, ikaanza kunuka, na ilibidi ipumzike nusu saa. Kwa kazi ya malori mwendo huo unatosha, maana dereva mwenyewe anataka kula. Kwa tangi la kuzamisha mtu mzima haukutosha hata kidogo. Alhamisi asubuhi Kiema alipiga hesabu, akaona tangi litaisha Jumatano. Ubatizo ulikuwa Jumapili.

Aliwahi kuona transfoma ya stima ikifunguliwa. Ilikuwa imekaa ndani ya mafuta, imetulia. Basi na yake ingekaa.

Sasa, Kambu hakuna pipa lisilowahi kuwekwa maji. Mtu wa Kambu akiona pipa tupu, anawaza mvua. Kiema alichukua pipa la mama yake, akalikata nusu, akamwaga humo mafuta machafu ya malori, akaitumbukiza mashine, akawasha. Haikumaliza hata rodi moja. Paa! Fyuzi za petroli stesheni, alikovuta umeme, zikaungua zote, na mwenye stesheni akatoka nje akasema maneno ambayo mshirika hawezi kuyarudia.

Aliyekuja kutazama kwanza ni jirani yake, Mama Kavata, mwenye kibanda cha chipsi. Aliinama juu ya pipa, mikono kiunoni.

"Hayo mafuta yana maji chini, na uchafu tele," alisema. "Hukusikia yakilia?"

"Mafuta hulia?"

"Ngai! Mtu mzima na ndevu, hajui mafuta yenye maji hulia!" Miaka kumi na mbili ya kukaanga viazi haikuwa bure. Alileta madebe yake mawili ya mafuta mapya, akayachemsha juu ya jiko, akasikiliza kwa sikio moja. Yalitatarika, yakatatarika, halafu yakanyamaza. "Sasa yamekauka. Mimina. Na ukimaliza na mashine yako, nitakaangia?"

"Hapana, mama. Waya zimepakwa vanishi."

Mama Kavata alihuzunika kweli, lakini alimimina.

Siku hiyo hiyo mashine ilichoma rodi kumi bila kupumzika, na Kambu nzima ikanuka chipsi. Watu watatu walikuja kuagiza. Kisha ikapata moto tena. Mama Kavata alitia kijiti cha mti ndani ya pipa, akakigusa sehemu ya juu, akakigusa ya chini.

"Huku juu ni moto, huku chini ni baridi. Mafuta yako yamekaa tu kama wageni. Hayatembei."

 Ijumaa Kiema alitoboa pipa juu na chini, akachomelea mabomba manne kwa nje. Mafuta ya moto yakawa yanaingia bomba kwa juu, yanapoa njiani, yanarudi chini. Hakuna pampu, hakuna chochote, yanajiendea yenyewe. Alijivuna sana. Rodi ishirini na tano! Lakini Jumamosi jua la saa sita lilipowaka, hata hewa yenyewe ilikuwa moto, na mabomba yakakosa pa kupeleka joto. Pande mbili za tangi zilikuwa bado. Kiema alikaa juu ya tairi, akaogopa waziwazi. Akilini aliona Pasta akiondoka, akaona Julai nyingine, na mama hayumo.

Kwenye hori la ng'ombe la saruji, hatua chache kutoka pale, kulikuwa na maji ya ubatizo. Akina mama walikuwa wameyaleta kwa punda kutoka kisima cha kilomita sita, siku nne mfululizo. Nthenya mwenyewe alienda mara mbili, akikohoa njia nzima. Kiema aliyatazama, akageuza uso.

"Nimekuona," Nthenya alisema. "Weka pipa lako humo."

"Mwaitu, hayo ni ya ubatizo."

"Hayajaombewa. Bila tangi tutabatiza punda? Weka!"

Wanaume sita walibeba pipa hadi ndani ya hori, maji yakafika karibu na mdomo wake. Mashine ikanguruma. Kiema alichoma mpaka jua likazama, wakafunika hori kwa magunia, na kulipopambazuka Jumapili akaendelea. Pasta Nzomo, aliyejua vizuri ni siku gani ya juma, alisimama akitazama upande wa Kitui. Saa tatu na nusu mshono wa mwisho ukafungwa. Watu wakapanga mstari, ndoo kwa ndoo, wakayahamisha maji.

Asubuhi ilikuwa na baridi ile ya Julai, na Kiema hakuwaambia watu kilichomsumbua usiku: kwamba maji baridi yangeweza kukifunga kile kifua. Pasta aliingia kwanza. Alisimama, akatazama chini, akamtazama Kiema.

Nthenya akaingia na nguo yake nyeupe, meno ameyakaza, tayari kwa baridi. Meno yakaachia.

"Aiya," alisema.

Pasta akamzamisha, akamwinua. Hakukohoa. Kiema alikuwa nje, kiganja juu ya mshono, akipapasa kama unavuja. Haukuvuja. Ulikuwa na joto, joto la maji. Machozi yakamtiririka mbele ya kanisa zima, na Mama Kavata akawaeleza walio karibu kwamba ni ule mwanga wa kuchomelea, huharibu macho.

"Haya, mama, toka," Pasta alisema. "Kuna wengine kumi na mmoja."

Nthenya alijishusha tena mpaka shingoni.

"Wameshangoja miaka mitatu," alisema. "Watangoja kidogo."