Zamu ya Mdogo Mtu

Seremala na mdogo wake, mchomeleaji wa mageti, walikuwa wakipiga mandolini, vile vigitaa vidogo vya nyuzi nane, pamoja tangu wavae kaptula. Kaka mtu aliipenda blugrasi, ule muziki wa nyuzi unaokwenda mbio bila ngoma. Mdogo mtu, rumba ndiyo ilikuwa damuni mwake. Hawakuwa na nota wala mazoezi. Mmoja alianzisha, mwenzake akamjibu hapo hapo, mpaka mitindo miwili ikashikana.

Jumamosi hiyo mchana walialikwa kupiga kwenye ukumbi wa chama cha mafundi. Seremala alifungua kwa kasi, vidole vikiruka kama vinaungua. Ilipofika zamu yake, mdogo mtu akapunguza mwendo, akaizungusha blugrasi ya kaka yake mpaka ikawa rumba, tamu, ya kutania. Watu wakasimama. Seremala akakaza mwendo ili amrudishe kwenye mstari. Mdogo mtu akaiga kasi ile kwa mzaha, akawakonyeza watu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kicheko kile kilimchoma seremala. Hakukumbuka kunyanyuka. Aliishika mandolini yake shingoni kwa mikono miwili, akamtandika nayo mdogo wake usoni. Mbao zikapasuka, waya ukamchana shavu mpaka mdomoni. Mdogo mtu alipojikinga, kaka akampiga tena, mkononi, mfupa ukalia. Alikuwa anainua kipande kilichobaki wanaume wanne walipomwangusha na kumkalia mgongoni.

Hospitalini, dada yao alikataa kuitikia salamu ya seremala. Seremala alisimama kando ya kitanda cha mdogo wake. Shavu lilikuwa limeshonwa nyuzi kumi na saba. Mkono wa kushoto, ule wa kubania nyuzi, ulikuwa ndani ya plasta ngumu ya kushikilia mfupa.

"Sema ulinipigia nini," mdogo mtu alisema, midomo ikisogea kwa shida.

"Ulikuwa umenizidi, mdogo wangu. Siku nyingi umenizidi."

Mdogo mtu akamwita kwa kidole asogee, kana kwamba ana siri. Seremala alipoinama, akamtandika mdomoni kwa mkono ule wenye plasta, kwa nguvu zote, kisha akapiga yowe yeye mwenyewe kwa maumivu. Meno mawili yakaangukia shuka.

Dada akatoka mbio kumwita muuguzi. Seremala hakurudisha ngumi. Alikaa sakafuni, damu ikimchuruzika kidevuni, akasikia nafuu ya ajabu, na aibu ya kuisikia nafuu hiyo.

"Sitapiga tena na wewe," mdogo mtu alisema pumzi zilipomrudia. "Lakini mama akiuliza, jukwaa lilivunjika tukaanguka."