Waya Mwekundu wa Spika

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Fundi akishalala, mke wake alikaa kwenye meza ya kazi, akavaa miwani ya mumewe, akaiharibu redio.

Hakuwa mtu wa kuharibu vitu. Alikuwa na stashahada ya ununuzi na ugavi, na miaka yote aliyosimamia ghala la kiwanda cha sabuni hakuna boksi lililotoka pale bila yeye kujua limekwenda wapi na limebebwa na nani. Wafanyakazi walimbandika jina la Kufuli. Mumewe alilisikia jina hilo siku aliyokwenda kiwandani kutengeneza kengele ya geti, akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo hakumwita kwa jina jingine lolote.

Siku hizi hakumwita kwa jina lolote kabisa.

Ugonjwa wa kusahau ulimwanzia Fundi dukani. Alimpa mshonaji simu ya mwalimu, mwalimu akapewa pasi ya mwenye bucha, watu wakacheka, wakabadilishana vitu vyao njiani. Baadaye wakaacha kucheka, wakaacha hata kuja. Duka likafungwa. Meza, kioo cha kukuzia, mita na chuma cha kulehemu vikahamishiwa nyumbani, kwenye chumba kidogo cha uani, na mwenyewe akahamia ndani, akawa anazunguka vyumbani kama mgeni aliyepotea njia ya choo. Alimwamkia mkewe shikamoo. Alimuuliza kwa adabu mwenye nyumba atarudi lini.

Ndipo redio ikafa yenyewe. Ilikuwa redio kuukuu ya jikoni, na mkewe alikuwa anaipeleka kwenye takataka Fundi alipoipokonya, akaenda nayo mezani. Akaifungua. Akaigonga bodi, ule ubao wa kijani wa ndani, kwa mpini wa bisibisi, akainamisha sikio, akanusa. Kisha mikono iliyokuwa haiwezi kufunga vifungo vya shati ikachukua chuma cha kulehemu, ikagusa bodi kidogo tu, ikayeyusha tone la risasi ya kulehemu pale waya mwekundu wa spika ulipoachia. Redio ikakohoa, ikasema.

Mkewe aliingia kuona kulikoni. Fundi akageuka, akamtazama usoni, macho yakamkaa sawasawa.

"Kumbe ni wewe, Kufuli," akasema. "Chai iko wapi?"

Wakanywa chai. Akamuuliza habari za binti yao, akataja jina lake bila kubabaika. Jua lilipozama akawa amekwishaondoka tena, mwili upo kwenye kiti na mwenyewe hayupo, lakini mkewe alikuwa ameshapata alichokipata. Kesho yake Fundi alipolala, akakichomeka kile chuma cha kulehemu kwenye umeme.

Hakuwahi kukishika chuma kile kufanya kazi. Ndoa yao nzima kazi yake ilikuwa kumshikia mumewe uzi wa risasi, mume akiwa na chuma mkono huu na koleo mkono ule, na kupepea moshi usimwingie machoni. Lakini kuunguza na kuvuta hakuhitaji chuo. Alichagua palepale, kwenye kiduara cha shaba ulipoungwa waya mwekundu, kwa sababu ndipo mahali pekee alipopajua, na aliogopa kugusa kwingine asije akaua kitu kisichofufuka. Fundi naye hakuwa na shida na hilo. Kosa la jana kwake lilikuwa jipya kila siku.

Ukawa mchezo wao, ingawa aliyejua kuwa ni mchezo ni mmoja. Fundi akiamka anaikuta redio mezani, anauliza ni ya nani. Mkewe anasema ni ya mama mmoja wa jirani. Fundi anasema huyo mama ana mikono ya kupuria mahindi, mwambie aache kuiangusha, na aje kuichukua jioni. Jioni mkewe anabisha mlango wa chumba cha uani kama mteja. Na mara nyingi, si siku zote, redio ikiwa inasema na moshi wa risasi ungali unanukia, Fundi alikuwa anainua kichwa na kusema, kumbe ni wewe, Kufuli.

Kwa ajili ya maneno hayo angeunguza nyumba.

Binti yao alipokuja kuwasalimu alimkuta mama yake ameinama juu ya bodi, miwani imemshuka puani. Alipoelezwa hakupendezwa. Alisema huko ni kumchezea mzee, na kama ni redio angenunua nyingine, nzima. Mama akamwambia baba yako hahitaji redio nzima, na wewe ukija unamletea soksi, ana soksi za kuvaa mpaka kiama. Binti akainama, akaangalia bodi, akauliza pale pamekuwa peusi kwa nini.

"Ni moshi tu," mama akasema, akafunga kifuniko.

Haukuwa moshi tu, na moyoni alijua. Ghalani kwake asingemruhusu mtu aburuze gunia mahali pamoja kila siku bila kuangalia sakafu. Lakini kila alipofikiria kupumzika siku moja, alifikiria na jioni ya siku hiyo, akachomeka umeme.

Siku ilipofika haikupiga hodi. Aliweka chuma, risasi ikayeyuka, akauvuta waya kwa koleo kama kawaida. Ukaja na kiduara chote cha shaba, kimening'inia kwenye ncha kama gamba la samaki. Chini yake palibaki ubao mtupu, umeungua.

Alijaribu kukirudisha kwa kukibonyeza na kucha. Kikamganda kidoleni. Akasikia mumewe anakohoa chumbani, akaweka kila kitu ndani, akafunga skrubu, akavua miwani.

Fundi alipoifungua hakuigonga wala hakuinusa. Aliangalia kwa kioo cha kukuzia kwa muda mrefu. Akajaribu kuweka risasi; ikajikunja kuwa kijishanga, ikabiringika, ikadondoka. Akajaribu tena. Ubao ukatoa moshi mchungu.

"Nani aliishika hii kabla yangu?" akauliza.

Mkewe akasema hajui.

"Amechoma hapahapa, hapahapa, hapahapa. Huyu hakuwa anatengeneza, mama. Huyu alikuwa anaua." Akaweka kioo chini. Hakuwa amekasirika, alikuwa na huzuni ya daktari aliyeletewa mgonjwa amechelewa. "Mmeniletea maiti."

Mkewe alisimama mlangoni, kitambaa cha jikoni mkononi. Njia ilikuwepo, naye aliikumbuka kwa sababu aliwahi kuishikia risasi mara nyingi: unakwangua rangi ya kijani mbele kidogo kwenye ule mstari wa shaba, unavusha kipande cha waya juu ya jeraha. Akamwambia. Alisema polepole, kama mtu anayebahatisha.

Fundi akamtazama. "Umejuaje?"

"Nilimwona fundi mmoja akifanya."

Fundi akachukua wembe, akakwangua. Shaba ikang'aa. Akakata kipande cha waya, akakiweka kwa koleo, akashika chuma, kisha akabaki hivyo, mikono yote miwili imejaa.

"Peke yangu siwezi," akasema. "Niitie Kufuli aje anishikie risasi. Yeye ndiye anajua."

Mwanamke alitoka. Alisimama uani karibu na pipa la maji, akajifuta uso kwa kitambaa cha jikoni kilichonuka vitunguu, akarudi. Fundi hakuinua macho. Aliuliza kama Kufuli yuko njiani, akajibiwa anakuja, ila kwa sasa risasi itashikwa hapa. Mwanamke akashika uzi wa risasi, akausogeza mpaka ncha ikagusa chuma, kwa kipimo kilekile cha miaka yote, na kwa mkono mwingine akapepea moshi.

"Wewe una mkono mzuri," Fundi akasema. "Karibu kama wake."

Redio ikakohoa, ikasema. Matokeo ya mpira. Mwanamke akasubiri. Fundi akafunga skrubu moja baada ya nyingine, akaifuta redio kwa kiganja, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Haya, mama. Huyo aliyekuwa anaichoma, mwambie asiiguse tena. Hapa haina pa kushikia."

"Nitamwambia," akasema. Na kwa kuwa mteja akishapokea mzigo wake huondoka, aliondoka nao.

Kesho yake baada ya chakula hakuchomeka umeme. Redio ilikuwa jikoni inasema. Fundi aliamka, akaenda chumba cha uani, akakaa. Akapapasa meza kutoka huku mpaka kule. Mkewe alikuwa mlangoni.

"Kazi zimekwisha?" Fundi akauliza.

"Zimekwisha, Fundi. Umezimaliza zote."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akapanga bisibisi, akaweka koleo mahali pake, akauzungusha waya wa chuma cha kulehemu kwenye mpini wake, vizuri, kama afungavyo mtu duka. Kisha akainuka.

"Basi niende nyumbani. Nikichelewa Kufuli ananuna."

"Nikusindikize," mwanamke akasema.

Akamshika mkono. Wakatokea mlango wa uani, wakaizunguka nyumba taratibu, wakapita kwenye kamba ya nguo na chini ya dirisha la jikoni ambako redio ilikuwa inasoma bei za mazao. Mbele ya mlango mkubwa Fundi akasimama, akajikung'uta vumbi, akavuta kola ya shati.

"Hodi," akaita.

Ndani hapakuwa na mtu. Mwanamke akamwachia mkono, akampita, akaingia kwanza, akageukia mlangoni.

"Karibu, baba watoto," akasema. "Chai tayari."