Ndege Iliyoletwa Nyumbani

Taarifa ilisomwa redioni saa saba mchana, ndugu wawili wakiwa mezani. Shirika la ndege lilikuwa linaistaafisha ndege yake ya mwisho ya propela, ile ya viti hamsini iliyotumikia miji midogo kwa miaka ishirini na saba. Ingeagwa rasmi baada ya miezi mitano, kisha ingeachwa pembeni mwa uwanja kumngoja mnunuzi wa vyuma chakavu.

Spana akaweka kijiko chini.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata kazini, kwa sababu hata siku ya harusi yake alikutwa na spana mfukoni mwa koti. Kwa miaka kumi na minane alikuwa fundi wa ndege hiyo hiyo, hadi presha ya macho ilipoanza kumla nuru, kwanza pembeni, mwisho katikati. Sasa ulikuwa mwaka wa sita hajaona hata kivuli. Mkewe alikwisha kufariki, watoto wameshika maisha yao mbali, naye akahamia kwa mdogo wake wa kike. Huyo watu walimwita Mama Meno, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia, na nusu ya wazee wa mtaa ule walikuwa wanatafunia kazi ya mikono yake.

"Laiti ningeishika mara moja tu," Spana akasema. "Kabla hawajaikatakata."

Chakula hakukimaliza. Jumatatu yake Mama Meno akaomba ruhusa kazini, akaenda uwanja wa ndege. Alizungushwa ofisi hii na ile mpaka akafika kwa afisa wa usalama, mtu mpole lakini mgumu kama kisiki. Asiyeona, alisema, haruhusiwi kuingia kwenye maegesho ya ndege. Atajikwaa, atagongwa, lawama itakuwa ya nani?

"Ndege ile anaijua kuliko unavyoujua mkono wako," Mama Meno alimwambia.

"Sikatai, mama. Lakini haingii."

Alirudi nyumbani amefura kama andazi. Kaka yake alimjua kwa mlio wa viatu tu.

"Wamekataa, siyo?"

"Wamekataa. Basi nitaileta hapa."

"Utaileta na nini, mkokoteni?"

"Nitaitengeneza. Ndogo, ya rezini, plastiki ile ya meno. Ninayamimina meno kila siku, nitashindwa ndege?"

Spana alicheka mpaka akakohoa. "Mdogo wangu, wewe umezoea magego. Ndege haina magego."

"Na wewe umezoea kukaa. Unanipa vipimo au hunipi?"

Alimpa. Vyote vilikuwa kichwani mwake, vimepangwa kama soksi kwenye droo: urefu wa kiwiliwili mita ishirini na mbili na nusu, mabawa mita ishirini na saba kutoka ncha hadi ncha, propela karibu mita nne. Wakakubaliana kila sentimita thelathini za ndege halisi ziwe sentimita moja. Mabawa yakawa sentimita tisini. Mama Meno alitaka ndogo zaidi, ikae kabatini, lakini Spana alikataa katakata. "Vidole vyangu ndivyo macho yangu. Usinipe maandishi madogo."

Daktari wa meno aliyemwajiri alimruhusu atumie karakana yake ya nyuma ya kliniki baada ya saa za kazi, mradi wagonjwa wasikute bawa kwenye sinki. Kilikuwa chumba chembamba chenye benchi refu, taa ya kupinda shingo, visu vya kuchongea nta na chungu cha chuma cha kukandamiza hewa ili rezini isitoke na mapovu. Kila alasiri alichonga kipande kwa nta na plasta, akakifunika kwa silikoni, akapata kalibu. Kisha akakoroga rezini na dawa yake ya kugandisha, akamimina, akangoja. Jioni alikipeleka nyumbani kimefungwa kwenye taulo, akamwekea kaka yake mapajani.

Hapo ndipo kesi ilipokuwa inasikilizwa.

"Pua hii ya nani?" Spana aliuliza siku ya kwanza. "Hii ni pua ya pomboo. Ya kwetu ilikuwa bapa kidogo juu, kama mtu aliyepigwa kofi utotoni."

Mama Meno akaichonga upya. Madirisha nayo alikuwa ameyapanga sawa kwa sawa. Spana akayapapasa, akasema la nne kutoka mbele liko mbali zaidi na wenzake. Mama Meno akayarudia yote. Kipande cha katikati alikimimina kinene kwa kuogopa kisivunjike, rezini ikapata joto kupita kiasi, ikapasuka mbele ya macho yake kwa mlio wa kijiti. Jumamosi mbili za kazi zikaingia pipani. Bawa la kushoto lilitoka zuri, lakini baada ya siku tatu likapinda kama ndizi. Akalilaza kwenye beseni la maji ya moto, likalainika, akalinyoosha juu ya kioo na kuliwekea kamusi mbili za daktari mpaka likapoa. Hilo halikupinda tena.

Kisha zikaja propela. Ndege ilikuwa na injini mbili, na kila propela ilikuwa na panga sita. Mama Meno alizitengeneza kwa mapenzi makubwa, akazikwangua kwa msasa laini mpaka zikateleza kama kokoto za mtoni. Spana alizishika moja moja. Akazirudia. Uso wake ukabadilika.

"Za kulia zimepinda kinyume na za kushoto."

"Ndiyo. Kulia na kushoto."

"Nani kakuambia?"

"Jino la kulia na la kushoto yanatazamana, kaka. Kama mtu na kioo chake."

"Meno ndiyo. Hizi zote mbili zinazunguka upande mmoja. Ukizifunga hivi, injini moja itavuta mbele na nyingine itasukuma nyuma. Abiria wako watabaki hapo hapo wakizunguka kama pia."

Mama Meno alikasirika kweli. Alikuwa na vidole vyenye malengelenge na mgongo unaomuuma. "Haitaruka! Ni sanamu! Nani atajua?"

"Mimi nimejua."

Hawakuzungumza siku mbili. Siku ya tatu alirudi na panga sita mpya, akazimwaga mapajani mwake bila salamu. Spana alizipapasa, kisha akatafuta mkono wa mdogo wake, akaushika. "Hapo sasa," alisema. "Hapo ungeweza kuajiriwa." Kwa Spana, hilo lilikuwa shairi zima.

Mwezi wa nne ndege ilikuwa imeunganishwa. Ilikaa juu ya meza ya sebuleni ikisimama kwa magurudumu yake yenyewe, na Spana, ambaye zamani ilibidi abembelezwe kutoka kitandani, sasa alikuwa wa kwanza kuamka. Asubuhi moja alipitisha kiganja upande wa kushoto, nyuma kabisa, chini ya mlango wa mizigo.

"Hapa pamekosa kiraka."

"Kiraka gani?"

Akamweleza. Miaka mingi nyuma, gari la kubebea mizigo lilirudi kinyumenyume na kuipiga ndege hapo. Yeye na wenzake wawili walikesha siku tatu wakaibandika bati jipya kwa ribiti ishirini na sita, misumari ya kuunganishia bati, kisha wakalainisha kingo mpaka ulimi wa mjusi usingekwama.

"Kaka, watu wanaagwa kwa sura zao nzuri. Wewe unataka tuweke kovu?"

"Sitaki ndege yoyote tu. Nataka ile."

Mama Meno akaliweka. Kiraka kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, unene wa karatasi, na nukta ishirini na sita alizozitia kwa sindano akiwa amebana pumzi. Akapaka rangi: nyeupe, na ule mstari mnene wa buluu uliopita ubavuni.

Siku ya kuaga ilipofika, shirika lilialika watu walete picha na kumbukumbu katika ukumbi wa abiria. Ndugu hao wawili walifika kwa teksi, ndege imelala kwenye kiti cha nyuma juu ya magodoro mawili ya mtoto, dereva akiendesha kama anabeba mayai. Ilipowekwa mezani, ukumbi ulisogea wote upande mmoja. Watu waliinama, wakahesabu madirisha, wakaonyeshana kwa vidole. Mwanamke mmoja alitambua dirisha alilokaa karibu nalo siku alipokwenda kuanza kazi.

Rubani mstaafu, mzee mrefu ambaye bado alivaa kofia yake ya kazi, aliizunguka meza mara mbili. Alikuwa ameirusha ndege hiyo miaka tisa.

"Kazi safi sana," alisema kwa sauti ya kuzoea kusikilizwa. "Ila kuna kosa moja. Hiki kiraka huku nyuma hakipo. Kila asubuhi nilikuwa naikagua kwa macho yangu. Haikuwa na kiraka."

Mama Meno alihisi masikio yanawaka. Miezi mitano yote, na sasa aibu mbele ya kadamnasi.

Spana hakutikisika. "Kapteni, wewe uliipokea baada ya kupakwa rangi upya, au kabla?"

"Baada. Ilikuwa inang'aa."

"Basi wewe uliiona rangi. Mimi niko chini yake."

Watu wakacheka. Rubani hakucheka, wala hakukasirika; akasema, "Iko nje pale, hatua mia mbili. Twende tukaiulize yenyewe."

Afisa wa usalama alijitokeza mara moja, na maneno yake yale yale. Rubani akamwambia atamshika mzee mkono yeye binafsi. Afisa akaanza tena kuhusu lawama, lakini mgeni rasmi, ambaye alikuwa mkuu wa chuo cha mafundi wa ndege, mama mfupi mwenye miwani, akamkatiza.

"Mwanangu, mletee mzee kizibao cha usalama. Na mimi kimoja."

Wakatoka juani. Ndege ilisimama peke yake mwisho wa lami, propela zake zimefungwa kamba. Spana alipofika alinyoosha mkono mbele, na rubani akamwachia. Kiganja kiligusa bati. Mama Meno aliona mabega ya kaka yake yakishuka, kama mtu aliyetua gunia. Spana alianza kutembea kwenda nyuma, vidole vikipita juu ya maungio, midomo ikihesabu. Umati ulimfuata kwa hatua ndogo ndogo. Alipita magurudumu, akapita ubavu mrefu, akafika chini ya mlango wa mizigo, na hapo vidole vikasimama.

"Kapteni, lete mkono."

Akauchukua mkono wa rubani, akaukandamiza ndani ya ule mstari wa buluu, akauvuta polepole kushoto, chini, kulia, juu. Rubani alifumba macho. Wote waliona midomo yake inaanza kuhesabu.

"Ishirini na nne," alinong'ona. "Ishirini na tano." Akafumbua macho. "Ishirini na sita! Lo! Nimepaa miaka tisa juu ya kiraka chako bila kujua?"

"Kiraka kizuri ndivyo kilivyo."

Rubani akavua kofia yake, akaiweka kwenye kichwa cha Spana, na uwanja ukalipuka kwa vifijo. Mafundi vijana wa zamu walikuja mbio kutoka bandani kuona kuna nini. Afisa wa usalama alikuwa anapiga makofi kuliko wote. Mama Meno alilia bila kujificha, kisha akafuta pua na kumwambia kila aliyekuwa karibu, hata ambao hawakuuliza, "Panga zote zinazunguka upande mmoja. Mnaweza kuangalia."

Mkuu wa chuo hakupoteza muda. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amelishawishi shirika liipeleke ndege chuoni badala ya kuiuza vyuma, na alikuja nyumbani kwao na barua mbili. Moja ilimwomba Spana awe mwalimu wa ukaguzi wa bodi ya ndege, siku tatu kwa wiki. Nyingine ilimwomba Mama Meno atengeneze injini ya rezini iliyopasuliwa katikati, tumbo lote wazi. Daktari wa meno alinung'unika siku moja nzima, kisha akaenda mwenyewe kununua chungu kikubwa zaidi.

Somo la kwanza Mama Meno alilihudhuria, amekaa nyuma kabisa na mkoba mapajani. Wanafunzi ishirini walifungwa macho kwa vitambaa, ndege ya rezini ikapitishwa meza hadi meza.

"Nimelegeza kitu kimoja," Spana alisema mbele ya darasa. "Aliyekipata aseme. Asiyekipata asipande ndege yangu."

Palikuwa na mguno, minong'ono, mtu akakisia gurudumu, mwingine mkia. Kisha msichana mmoja katika safu ya tatu akasimama, kitambaa kikiwa bado usoni, kidole kikiwa ukingoni mwa bawa la kulia.

"Mwalimu, kibawa hiki cha nyuma kinacheza. Kidogo sana. Kama unywele."

Spana alipiga meza kwa kiganja, darasa zima likashtuka.

"Umesikia hiyo, Mama Meno?" alipaza sauti, akicheka. "Tumempata wa kwanza!"